Kona ya Mwingereza Isiyonyooka

Nailoni ikiguswa na pasi ya moto inatoa harufu ya ajabu, kama maziwa yaliyoungua ndani ya kiatu kipya. Hiyo ndiyo harufu ya kiangazi changu cha mwaka 2018 pale Gulfton, Houston. Ilikuwa inajaa apatimenti yetu tangu asubuhi, inatoka dirishani, inashuka ngazi, inavuka pakingi, na naapa kuna siku dereva wa basi alisimama pasipo na kituo, akatoka kuangalia injini yake. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Joto la nje lilikuwa la kukaanga yai juu ya boneti ya gari, na ndani kwetu lingemkaanga na kuku aliyelitaga. Katikati ya moshi huo alikuwa amekaa mama yangu na cherehani yake, anashona kona za bendera.

Nasema kona kwa sababu bendera nzima hawakumwamini nayo bado. Kulikuwa na karakana moja ya bendera mjini, na mama alikuwa kwenye majaribio. Wanampa vitambaa, anashonea nyumbani, Ijumaa vinachukuliwa. Ile kona ya juu, pale karibu na mlingoti, ambapo Mwingereza ameweka bendera yake ndogo ndani ya bendera ya watu wengine, ndiyo ilikuwa kazi yake. Mimi nilidhani ni ya nchi moja tu. Kumbe iko kwa Australia, iko kwa New Zealand, iko kwa Fiji, na hata Hawaii, ambayo ni Marekani hii hii, nayo anayo juu pale amejibanza. Kona ile ni ngumu kuliko bendera yote iliyobaki. Misalaba mitatu imelaliana, mweupe, mwekundu, mwekundu tena, mpaka macho yanaanza kuona wadudu.

Kama mama angepita majaribio, angepewa cherehani ya mchana kule karakana na angeacha kiwanda cha kuku. Hilo ndilo nililokuwa naliombea. Kule kwa kuku alikuwa anaingia shifti ya usiku, na baba yuko barabarani na lori anarudi mara mbili kwa mwezi, kwa hiyo mimi nilikuwa nalala kwa jirani. Kitanda kimoja watoto wanne, na mmoja wao alikuwa anapiga mateke kama anagombea Kombe la Dunia. Nilikuwa naamka na kidole cha mguu wa mtu puani. Nilitaka mama yangu jioni, basi, sikutaka kingine.

Mizigo ya kwanza ilikuja mistari imekwisha kubandikwa, yeye anapitisha sindano tu. Sasa, mzigo wa mwisho wa majaribio ulikuja vitambaa vitupu vya kona sitini za kupanga mwenyewe, kona moja ya mfano, na karatasi mbili za maelekezo kwa Kiingereza. Mama Kiingereza chake kilikuwa bado kiko njiani kinakuja, kwa hiyo mtafsiri wa nyumba ni mimi. Daktari mimi, shule mimi, barua ya umeme mimi. Siku hiyo wenzangu walikuwa wanamwagiana maji na mpira wa bustani huko chini, nasikia wanavyopiga kelele.

"Weye mutoto, karatasi inasema nini?"

"Inasema ushone vizuri."

"Karatasi mbili zote?"

"Mama, Wazungu wanarudiarudia."

Nikashuka ngazi tatu tatu. Niliporudi nimelowa, mama alikuwa ameshika kona ya mfano karibu na dirisha, amekunja uso kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Akaniita nilete rula ya shule. Ule mstari mwekundu unaolala mshazari haukukaa katikati ya mweupe wake, ulikuwa umesogea pembeni. Upande mmoja mweupe mpana, upande wa pili mweupe mwembamba kama uzi. Tukapima mara nne.

"Huyu aliyeshona alikuwa anasinzia," mama akasema. "Mungu wangu. Walitawala dunia na rula hawana."

Lazima umjue mama kidogo hapo. Kwetu Uvira alikuwa fundi, na kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikuwa fundi zaidi. Ua la kitenge likikatwa na mshono, yeye alikuwa analikutanisha mpaka nyuki wangekuja kutua juu yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa mstari uliopinda ukategemea auache. Akaunyoosha. Wiki nzima akanyoosha kona sitini, kila mstari mwekundu katikati kabisa, na mimi nikimpimia na rula yangu, najiona injinia.

Ijumaa mchana akaja Mama Shiru, Mkenya, supavaiza wa karakana, mwanamke mnene mwenye jozi mbili za miwani, moja machoni na moja kichwani. Akachukua kona ya kwanza, akaiweka chini. Ya pili, chini. Kufika ya kumi akavua miwani yote.

"Mama Riziki, hizi siwezi peleka kwa mdosi. Hizi si bendera ya mtu yeyote."

"Nilizitengeneza," mama akasema. "Zilikuwa zimepinda."

"Zinafaa kupinda. Ndivyo ziko. Si iliandikwa kwa ile karatasi?"

Mama akageuka kuniangalia. Polepole, yaani kama mlango wa benki. Hapo nilitamani kiwanda cha kuku kinichukue mimi, niningʼinizwe na wale kuku. Nikasema ukweli, kwamba sikusoma, nilienda kwenye maji. Mama hakunipiga, na hiyo ndiyo iliniumiza. Alimwambia Mama Shiru, "Nipe mpaka Jumatatu." Mama Shiru akasema sitini hazifumuliki kwa siku mbili. Mama akamjibu, "Sikukuuliza zinafumulika. Nimekuomba siku."

Akaniketisha na zile karatasi. Nikasoma kila neno, hata jina la kiwanda cha uzi. Mweupe mpana ukae juu upande wa mlingoti, upande wa pili uwe chini. Mwekundu usikae katikati, kwa sababu ungemfunika mwenzake, ule msalaba mweupe. Mama akanipa wembe wa kufumulia. Jumamosi tukafumua mpaka vidole vikawa na hasira. Jumapili hatukwenda kanisani, na kwaya ilimkosa mama, kwa hiyo nadhani hata malaika wa Texas waliimba chini ya sauti. Baada ya ibada Mama Shiru akaja na chapati, akavuta kiti, akachukua wembe wake.

"Hata sisi Kenya tulikuwa na hii kona," akasema akifumua. "Na simba kando. Uhuru ikikuja tukaitoa. Tanganyika yao ilikuwa na twiga."

"Sisi Mbelgiji hakuweka kona," mama akasema. "Bluu na nyota moja ya njano. Alijua nyumba nzima ni yake, aandike jina kwenye mlango wa nini?"

Mama Shiru akacheka mpaka akajikata kidole. Nikauliza hawa wa Fiji wanaiachia ya nini, wanampenda? Mama akasema niwaulize wenyewe, yeye ameambiwa ashone, na nishike kitambaa vizuri.

Jumatatu mdosi, yaani bosi wa karakana, alipima zote kwa rula ya chuma. Hamsini na nane zikapita. Mbili mama alizirudia pale pale amesimama, bila kuvua mkoba. Jumanne akaanza shifti ya mchana, na jioni hiyo akaunguza maharage kwa sababu alikuwa amesahau jiko linafanyaje saa hizo. Tukayala. Nikalala kitandani kwangu peke yangu, nikakosa usingizi kwa kukosa mateke.

Tulihamia DeSoto, Texas hii hii, mwaka 2020, na mimi siku hizi ni mtu mzima wa ghalani, napanga maboksi. Nyumba ina vyumba vitatu na mashine ya baridi inayotugandisha kama samaki. Mama ana karakana yake ndogo, na akina mama wageni wanakuja kumwomba kazi. Hawaulizi cheti. Anawapa kona ile, na mfano, na maelekezo ya Kiswahili aliyoniandikisha mimi, halafu anayaacha makusudi mezani upande wa pili wa chumba, anatoka kunywa chai. Wanaoushona mstari umepinda hivyo hivyo bila kushtuka, anawashukuru kwa kuja, na kazi hawapati. Wiki iliyopita mama mmoja kutoka Bukavu alinyoosha kona kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Mama akazitazama moja moja, akamkabidhi wembe azifumue zote, akamuuliza kama anaweza kuanza kesho.