Macho ya Asali na Maji ya Emali

Sijutii kutaka macho ya rangi ya asali. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, fundi wa cherehani pale Emali, nikijilisha kwa mikono yangu, na nilitaka kutazamwa. Kinachonikasirisha ni kingine.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mwenye saluni jirani na kibanda changu alianza kuleta kutoka Nairobi lensi za rangi, vile vijiduara vyembamba vya kubandika juu ya mboni. Yeye mwenyewe alivaa za kijani, na madereva wa malori walimgeuzia shingo hadi nikawaonea huruma. Nilinunua kwake za rangi ya asali, nikamuuliza zinatunzwaje.

"Hiyo ni kitu rahisi," akasema. "Jioni unatoa, unaweka kwa maji ya chumvi. Asubuhi unavaa, unaenda zako."

Maji ya chumvi! Nilicheka. Mimi ni mzaliwa wa Kikima, milimani, ambako maji ni matamu. Emali ndipo nilipojua kwamba maji ya kisima yanaweza kuwa ya chumvi, yakakataa povu la sabuni na kuharibu chai. Basi nikachota kikombe kutoka kwenye jerikeni, nikazilaza lensi zangu humo kila jioni kwa wiki mbili. Kumbe maji yaliyotakiwa ni dawa maalumu, safi, ya chupa. Hakusema.

Jicho la kulia lilianza kuwasha Jumanne. Kufikia Alhamisi lilikuwa jekundu, mwanga unanichoma, na uzi nautunga kwa kupapasa. Nikakimbilia hospitali ya misheni. Daktari wa macho alinimulika, akaniuliza lensi nilikuwa naziweka wapi. Nilipomjibu alizima tochi yake.

"Maji yoyote hapana," akasema. "Ya kisima, ya bomba, hata mate. Kuna wadudu ndani, hawaonekani. Na nani alikupima macho kabla hujavaa?"

"Hakuna."

"Hiyo si nguo, dada. Sasa tujaribu kuokoa jicho."

Nililazwa wiki tatu, nikitiwa matone ya dawa kila saa. Niliogopa, sitajifanya shujaa. Fundi asiyeona tundu la sindano atakula nini? Jicho halikung'olewa, ila lilibaki na kovu jeupe katikati, na kwa jicho hilo naona ukungu tu.

Mama alikuja kunitazama na mwanamke mmoja wa kanisani kwao. Huyo hata hakuketi. "Mtaka yote hukosa yote," akasema. "Mungu alikupa macho, ukadharau."

"Na wewe alikupa mvi," nikamjibu, "mbona umezipaka rangi?"

Mama aliziba kicheko kwa leso. "Mwiitu wakwa," akasema, binti yangu, "wewe ni mkavu wa macho."

"La kushoto tu, mama. Hili lingine bado linatoa machozi."

Niliporudi kazini watu walinishauri nivae miwani nyeusi. Sikuvaa. Siku ya soko niliingia saluni, nikakalia kiti kinachoelekea mlangoni, nikaomba kusukwa. Lensi zilikuwa bado kwenye kabati la kioo.

"Si uangalie ukuta," mwenye saluni akanong'ona. "Unanifukuzia watu."

"Nimekuja kusukwa."

Msichana mmoja akaingia kuulizia macho ya rangi. Aliponiona akasita, akauliza kilichonipata. Nikamweleza yote: kikombe, kisima, kutopimwa. Aliinama akalitazama jicho langu kwa karibu, bila haya, nami nikamwachia atazame. Kisha akamgeukia mwenye saluni.

"Na wewe zako unawekanga kwa maji gani?"

Mikono iliyokuwa kichwani mwangu ikasimama.

"Si hii tu ya jerikeni," akasema polepole.

Niligeuka nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kandokando ya ule ukijani, macho yake yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimekuja kumkomoa, na hasira yangu nilikuwa nayo bado, lakini nilisimama.

"Nawa mikono kwa sabuni, uifute ikauke," nikamwambia. "Kisha uzitoe. Sasa hivi, nikiona."

Alizitoa. Nikamshika mkono, tukaenda hospitali mchana ule ule, upande mmoja wa kichwa changu umesukwa na mwingine timtim, na aliyetaka kucheka acheke.