Siku Tuliyosimama Nje ya Uzio

Jirani yangu aliiba maksai wangu wawili wa kulimia akawauza upande wa Maganzo, na mwaka ule nililima kwa jembe la mkono mpaka viganja vikachubuka. Aliporudi hapa Didia kutoka gerezani alikuwa amenenepa, tena ana ufundi wa useremala aliofundishwa humo humo. Nilipandwa na hasira. Kaniibia, kalishwa na serikali, na bado kapewa ufundi juu yake.

Kwenye mkutano wa sungusungu, katekista alisema mtu ameshamaliza kifungo chake, tumpokee, atutengenezee madawati ya shule. Nikamkatiza. Nilitaka atengwe kama desturi yetu ilivyo: asisalimiwe yeye wala wa nyumbani kwake, asipewe moto wala maji, na mwano ukipigwa kwake asiende mtu. Mwano ndiyo ile kelele ya kuomba msaada ambayo Msukuma akiisikia huacha hata chakula. Atakayevunja lolote kati ya hayo atatoa ng'ombe. Mikono ikanyooshwa, wangu wa kwanza, na siku hiyo nililala usingizi mzuri sana.

Haikupita miezi miwili. Saa saba mchana tunapalilia pamba, mwano ukalia kutoka kwake. Moshi ulikuwa umeshapanda juu ya paa la nyasi. Tulikimbia, miguu ilikwenda yenyewe, na tulipofika kwenye uzio wa minyaa ndipo tukakumbuka. Tukasimama. Wanawake wawili walikuwa wametoka kisimani na ndoo zimejaa kichwani. Hakuna aliyeitua yake.

Mama yake alikuwa ndani. Ni bikizee asiyeona, na zamani, macho yakiwa mazima, ndiye aliyewapokea watoto wangu wote walipozaliwa. Nililijua hilo nikiwa nimesimama pale pale. Wenzangu walinitazama mimi, mwenye hoja, wakisubiri nitoe neno. Mimi nilikuwa nawaza ng'ombe wa faini. Sikujua kama naweza kuwa mtu wa namna ile.

Mwizi wangu aliingia peke yake. Akatoka amembeba mama yake mgongoni, mikono imebabuka hadi viwikoni, akamketisha chini hatua chache tu kutoka tulipokuwa. Alitutazama mara moja. Laiti angetutukana.

Bikizee alikohoa, akageuza uso kwenye minong'ono yetu.

"Mwanangu, watu waliitika mwano?"

"Wamekuja wote, mama," akasema. "Ndio waliotutoa."

Bikizee akainyoosha mikono kuelekea kwenye uzio, akatushukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, wanangu. Wabeja."

Hatukumjibu. Kumjibu kulikuwa na faini, na faini hiyo niliipendekeza mimi. Nyuma yangu wanawake wale walikuwa bado wamesimama, na ndoo zao zimejaa.