Samaki wa Saloni na Veterineri wa Walikale

Mke wangu alizaliwa Walikale, ndani ya msitu. Mimi ni mtu wa milima ya Masisi. Kwetu samaki hutufikia akiwa amekauka, amekaushwa kwa chumvi au kwa moshi, macho yake yamekwisha zamani. Kwao wanawake huziba kijito wakati wa kiangazi, wakachota maji kwa beseni mpaka tope lionekane, kisha wakaokota samaki wanaorukaruka. Siku moja, akiwa anaosha makayabu, wale samaki wa chumvi, alisema ana miaka mingi hajaona samaki anayepumua. Alisema tu, akaendelea kuosha. Mimi sikusahau.

Niliposhuka Goma kuuza maharage nilirudi na akwariumu, yaani sanduku la kioo, na samaki wadogo wekundu ndani ya mfuko wa plastiki uliojaa hewa. Sanduku nililipakata magotini njia yote, kupitia Sake na kupanda milima, gari likiturusha, na sikuthubutu kusinzia. Nililipanga saloni, chumba chetu cha kupokelea wageni, juu ya meza nzuri, nikatia kokoto, nikajaza maji ya robine, yale ya bomba, nikaunga pampu ya hewa kwenye paneli ya jua. Mke wangu hakusema asante. Alikaa sakafuni mbele ya kioo mpaka chakula kikaungua jikoni, na mimi nilikila hivyo hivyo kwa furaha.

Wiki haijaisha, samaki wakaanza kuugua. Walipanda juu wote, midomo nje, wakihema. Mapezi waliyabana mwilini. Mmoja alilala ubavu kwenye kokoto. Maji yenyewe yalikuwa yamegeuka kama yale ya kuoshea mchele. Mimi nikasema ni baridi, kwa sababu baridi ya Masisi haina haya, nikakifunga kioo kwa blanketi letu wenyewe. Asubuhi yule wa ubavuni alikuwa amekufa. Mke wangu alimfunga kwenye jani la mgomba, akamzika nyuma ya jikoni. Kisha, bila kuniuliza, akamwita veterineri, daktari wa mifugo.

Huyo veterineri lazima nimweleze. Anatibu ng'ombe wa Masisi, lakini kwao ni Walikale, kijiji kinachopakana na cha mke wangu. Kabla yangu, familia yake ilikuwa imetuma wazee kwa baba mkwe wangu kumposa binti yake, na wazee wakarudi bila jibu. Ni mambo ya zamani. Watu walinishauri niyasahau, nami nilikuwa nimeyasahau vizuri kabisa mpaka siku alipovua buti zake mlangoni pangu.

“Dada, hizi samaki zinakula nini?” akauliza.

Alimwita dada. Mimi najua neno hilo linavyoweza kufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja.

Aliinama, akamulika kioo kwa tochi ya simu. Akatafuta vidonda, hakuona. Akatafuta madoa meupe, hakuona. Alisema tu mashavu ya ndani yamekuwa mekundu kupita kiasi, huenda ni minyoo, tujaribu chumvi kidogo, kama vile kila ugonjwa wa Masisi lazima upitie kwenye ng'ombe kwanza. Halafu wakaanza kuongea Kinyanga, lugha ya kwao. Mimi Kinyanga sijui. Nilimwona mke wangu anashika mkono wa nguo yake mwenyewe, anasema jambo refu kwa sauti ya chini, na yule bwana anatikisa kichwa taratibu. Damu ilinipanda. Ningeelewa neno moja tu ningetulia, lakini hata hilo moja sikupewa.

Kesho yake alirudi. Keshokutwa yake pia. Ng'ombe wote wa Masisi, sijui kama walikuwa wamepona ghafla. Maharage yangu yalikaa kwenye magunia, kwa maana sikwenda tena sokoni. Niliweka kiti kwenye pembe ya saloni, nikajifanya natengeneza redio, na kazi yangu ikawa kuutazama mkono wa yule mwanaume: unagusa nini, unakaribia wapi.

Ndivyo nilivyouona mkate. Kila alipofika, kabla hajatazama chochote, alitoa kipande cha mkate mfukoni, akakivunja na kuwadondoshea samaki.

Baada ya kuona mkono mmoja, nikaanza kuona yote. Mama jirani aliingia kuangalia wageni wetu, akatupia tonge la bugali. Mke wa katekista alikuja na wali ndani ya kiganja. Kwetu nyumba ikipata mgeni mpya, hakuna anayekuja kumsalimia mikono mitupu, na mtaa mzima ulikuwa umekuja kuwasalimia samaki wangu. Walipotoka nilikunja shati, nikaingiza mkono chini ya kokoto. Nilitoa uji wa bugali uliooza, unanuka kama mihogo iliyosahauliwa majini.

Nikampigia simu yule aliyeniuzia Goma.

“Papa, ile maji ingali mupya,” alisema. “Haiyapata nguvu ya kushinda buchafu. Chakula ikioza mule inakuwa sumu, samaki zinakosa pumuzi. Toa maji nusu, weka ingine pole pole. Na chakula, kidogo sana.”

Kumbe si baridi, si minyoo. Ningeweza kuanza kubadilisha maji palepale. Badala yake nilivaa shati safi, nikamsubiri veterineri.

Alipovunja mkate, nilimkamata kifundo cha mkono.

“Wewe njo unaziua,” nikasema, mke wangu akisikia. Nikaeleza yote, sumu na pumzi na maji mapya, kwa sauti kubwa kuliko saloni yetu. Nilitaka akasirike. Nilitaka abishane nami ili nimshinde mara ya pili. Yeye aliutazama mkate, akayatazama maji, akaurudisha mkate mfukoni.

“Kaka, uko na haki,” akasema. “Miye ni muntu ya ngombe.” Akavua koti, akachukua ndoo, tukachota maji pamoja mpaka nusu. Ushindi wote ulinitoka mkononi.

Kesho yake samaki walikuwa wameshuka chini, wanaogelea, mapezi yamefunguka. Mke wangu alikuwa anafuta kioo. Nikamuuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu siku ya kwanza: walikuwa wanaongea nini kwa Kinyanga.

Hakugeuka. “Aliniambia hizi samaki zitakufa zote. Nikamuomba asikuambie wewe. Nikamuomba akuye kila siku tu, ajaribu.”

“Juu ya nini?” nikauliza sababu.

“Juu mbuzi ulipelekea baba. Kitenge ulipelekea mama. Redio mupya ilienda kwa kaka yangu. Hii njo kitu ya kwanza ulileta ya kwangu miye. Nilimuambia vile. Nilimuambia, kama zinakufa, bwana yangu hatarudia tena kuniletea kitu.”

Aliendelea kufuta. Mimi nilisimama na ndoo mkononi, furaha imenijaa, na bado kitu kilikuwa kinanichoma chini yake. Maneno hayo yalikuwa yangu, ya kuambiwa mimi. Nimeishi naye miaka yote hii nikiyasubiri bila kujua kwamba nayasubiri, na mwanaume wa kwanza kuyasikia alikuwa yule. Tena aliyasikia kwa Kinyanga.