Pale Minyaa Ilipopinda

Katika miaka ile nilihudhuria vikao vya mpaka vingi kuliko harusi, matanga na ibada zote nilizowahi kwenda tangu nibatizwe. Benchi la ofisi ya naibu wa chifu lilikuwa limeshashika umbo la makalio yangu. Kule Kwale, mlinzi wa ofisi za ardhi hakuwa tena akiniuliza shida yangu. Alisogea tu kivulini ili nami nipate pa kukaa. Na yote hayo yalikuwa kwa ajili ya hatua tatu za mchanga.

Nilikuwa nikifanya kazi Diani, katika chumba cha kufulia cha hoteli moja ya ufuoni. Mashuka niliyoyapiga pasi mle, yangetandikwa barabarani, yangetoka Ukunda yakafika Lunga Lunga, na yakabaki ya kufunika forodha. Mimi ni mtu wa bara, na mke wangu pia. Tulinunua kipande chetu upande wa juu wa Msambweni kutoka kwa mtu aliyekuwa akihama. Hati ya kumiliki hakuwa nayo, wala hakuna aliyekuwa nayo eneo lile, kwa kuwa watu wa kupima walikuwa hawajafika. Tulichopewa ni karatasi ya makubaliano iliyosema kwamba shamba letu linafika hadi kwenye minyaa.

Minyaa ni ule ua wa vijiti vya kijani visivyo na majani, wenye utomvu mweupe ambao ukikuingia jichoni utawaona malaika kabla ya siku yako. Ua wetu ulikuwa mzuri huku na mzuri kule, lakini katikati palikuwa na pengo la hatua kama ishirini ambapo minyaa ilikufa zamani. Ng'ambo ya pengo aliishi mama mmoja wa Kidigo, mjane, na karibu kabisa na pengo ilisimama minazi yake minne. Mamake ndiye aliyeipanda, mmoja kwa kila mtoto. Kati ya watoto wale wanne alikuwa amebaki yeye peke yake.

Mwaka niliofaulu mtihani wa ngumbaru, yale masomo ya jioni ya watu wazima, nilikuwa na furaha isiyoenea ndani ya shati. Kwetu mtu akimaliza jambo kubwa hupanda mti. Nikatafuta mche wa mnazi. Nikachukua kamba, nikaifunga kwenye mnyaa wa mwisho wa huku na mnyaa wa kwanza wa kule, nikaivuta mpaka ikalia kama gita, maana nilikuwa nimetoka kufundishwa kwamba njia fupi kati ya nukta mbili ni mstari ulionyooka. Katikati ya mstari nikachimba, nikapanda. Mke wangu akapiga makofi. Sikuona kwamba kamba yangu ilikuwa imepita nyuma ya minazi minne ya jirani, ikaiacha upande wangu.

Asubuhi yake nikasikia hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mmeamkaje? Wa nyumbani? Kazi huko Diani? Na wazee wako huko bara, hawajambo?"

"Wote hawajambo, mama, alhamdulillahi." Miaka ya pwani ilikuwa imeshanifundisha kujibu.

"Alhamdulillahi. Sasa, mwanangu, nani amekwambia upande mnazi?"

"Ni mche tu, mama."

"Mnazi hauna tu. Ungepanda muhogo ningekuletea mbegu. Ungepanda mahindi ningekuja kukusaidia kupalilia. Mtu akipanda mnazi anasema mimi niko hapa, na mjukuu wangu yuko hapa. Na wewe umesema hivyo nyuma ya mgongo wangu, minazi ya mamangu ukaitia ndani."

"Lakini nimefuata mstari wa ua, mama. Nimevuta kamba."

"Minyaa haikuvutwa kwa kamba. Ilipinda. Aliyeipanda aliizungusha minazi, hivi." Akachora upinde hewani kwa mkono wake, akaingia kwangu hatua tatu.

Nikacheka. Kosa la kwanza lilikuwa la kamba; la pili lilikuwa kicheko kile.

"Haya, cheka, mbara. Siku watu wa kupima watakapokuja wakute mnazi wako umesimama pale, wataandika mpaka pale. Na mimi nitakuwa nakuja kwako kuomba ruhusa ya kuangua nazi za mamangu."

Hata adhuhuri haikufika nikawa tayari kuung'oa ule mche. Naapa. Lakini yeye alikuwa ameshafika kwa naibu wa chifu, na naibu wa chifu alikuwa mtu wa sheria kupita sheria yenyewe. "Kitu chenye kesi hakiguswi," akatuambia. "Usiung'oe, usiumwagilie maji, usiuzungushie hata kijiti. Tutawaita."

Walituita, kweli. Walituita mpaka nikaanza kulijua kila shimo la barabara kwa tabia zake. Leo naibu wa chifu amekwenda semina. Leo amerudi, lakini mzee wa kijiji yuko matangani. Leo wote wawili wapo, mama ana homa. Siku sote tulipotimia, karani alikuwa amepoteza faili, na tulipopata faili jipya ikabidi tuanze kueleza upya tangu kwenye kamba. Mama akachora upinde wake hewani, mimi nikanyoosha mstari wangu hewani, tukarudi nyumbani kila mtu na hewa yake. Na mche nao, bila tone la maji kutoka kwa mtu, ulikua kama uliokuwa ukilishwa kwa siri na serikali.

Mwaka wa pili niliamua kujenga banda la kuku upande ule, hatua chache ndani ya mstari wa kamba yangu, mahali nisipoudhi mtu. Nilipochimba shimo la nguzo, jembe likagonga kisiki. Nikachimba pembeni, kisiki kingine. Nikafuata, cha tatu. Vilikuwa vikavu, vimeliwa na mchwa nusu, lakini vilikuwa vya minyaa, na havikukaa kwenye mstari wa kamba yangu. Vilikuwa vimepinda, vikiizunguka minazi ya mama, hatua tatu zilezile alizozichora kwa mkono.

Nikamwita mke wangu. Alitazama, akashika kiuno.

"Woi! Funika."

"Karatasi inasema hadi kwenye minyaa. Minyaa ndiyo hii."

"Minyaa ni ile iliyo hai. Hii ni kuni. Funika, baba watoto, kabla hajapita."

Nikafunika. Nikakanyagakanyaga juu, nikatupa majani. Banda la kuku likajengwa nyuma ya jikoni.

Tangu hapo vikao vikawa vigumu kwangu. Mimi ninayesema kama redio nikawa nasema maneno mawili: "Sina zaidi." Naibu wa chifu akadhani nimepata hekima. Mama alinitazama akadhani naumwa, akaniuliza mbele ya watu kama nakula vizuri. Nilikuwa nikirudi Diani nikiwa nimechoka kabla sijagusa shuka hata moja. Mtu akisema visiki vitatu vya minyaa havina uzito, mwambie aje aniulize. Nilivibeba kichwani kama gunia la saruji.

Alasiri moja nilitoka kazini nikamkuta mama ameinama kwenye mnazi wangu, ameingiza waya kwenye kilele.

"Mama! Si tumeambiwa usiguswe?"

"Siugusi. Natoa chonga." Akauvuta waya, na mwisho wake pakawa na yule dudu mweusi mwenye pembe anayekula minazi, mkubwa kama paka. Haya, kama kidole gumba. "Siku ya tatu hii namwona anatafuna kilele, nawe unapita tu na begi lako. Kesi ni yangu na wewe. Mnazi umekosa nini? Kaniletee majivu."

Nikaleta majivu. Akayamimina kwenye mashina ya makuti, kidogo kidogo, kama anayetia dawa sikio la mtoto. Maneno yalinijia mpaka kwenye meno. Nikasema asante, mama, nikaingia ndani.

Mwishowe watu wa kupima wakaja kweli, watatu, na kitabu kikubwa na vyuma vya kupigilia. Mnazi ulikuwa umenipita urefu. Kijiji kizima kilikuja kutazama, naibu wa chifu mbele, na nusu ya kijiji cha Kibuyuni pia, nadhani. Mkubwa wao akausogelea mnazi.

"Huu ni wa nani?"

"Wangu," nikasema.

"Ulipanda mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi mpaka unapita hapa," akasema, akafungua kalamu.

Mama alikwenda kwenye mnazi wa kwanza wa mamake, akaweka kiganja juu ya gome, akasimama hivyo, kama mtu anayesindikiza mgeni stendi. Mke wangu alinikazia macho. Nilijua yale macho yanasema nini.

"Ngoja," nikamwambia mwenye kalamu. Nikaenda kuleta jembe.

Kisiki cha kwanza kilitoka upesi, cha pili pia. Cha tatu mchwa walikuwa wameshakimaliza, ikanibidi nichimbe shimo la kuzikia tembo mpaka nikapata mzizi. Jasho lilinitoka la kujaza pipa. Yule mpimaji akainama, akavitazama visiki, akaitazama minazi minne, akavuta kwa kidole chake upinde uleule.

"Ulijua lini haya?"

"Zamani."

"Zamani gani?" naibu wa chifu akaruka. "Umetukalisha benchi miaka yote, we bwana!"

Vyuma vikapigiliwa kwenye upinde, minazi minne ikabaki kwa mwenyewe, na mnazi wangu ukaangukia kwake. Mpimaji akasema niung'oe.

"Aung'oe kwa nini?" mama akamkatiza. "Ardhi yangu, mnazi wake. Kwetu hayo yapo. Akitaka nazi apige hodi."

Watu walipotawanyika, mke wangu aliingia ndani, akafunga mlango kwa namna ya mtu ambaye ameshapima nyumba nzima akaiandika yake. Nilikaa chini, kando ya chuma. Mama naye akakaa, upande wake, akanyoosha goti lake baya.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua, mama."

"Na mimi napanda ile barabara na goti hili. Kila wakiita, napanda."

"Nisamehe, mama."

Akalikanda goti, macho ameyafumba. Nilidhani amelala.

"Nikishapumzika nitakusamehe," akasema. "Leo nimechoka."

Tukabaki pale, hakuna aliyekuwa na nguvu za kuinuka kwanza, mpaka mke wangu aliponiita kwa sauti ambayo haikuwa na chakula ndani yake.