Keki Iliyomtangulia Senga

Senga Rattray, mpishi wa shule, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Kwa miaka mingi alikuwa akiimaliza milima mirefu ya Uskoti, mmoja baada ya mwingine. Sheria ya mchezo huo ni moja: hujapanda mpaka umeligusa lundo la mawe la kileleni. Msimamizi hakuna, ni dhamiri yako tu. Senga aliwahi kumnunia shoga yake mwaka mzima kwa sababu huyo aligeuka karibu na mawe bila kuyagusa, akajihesabia mlima.

Sasa ulibaki mmoja, Lurach. Mumewe Eck, ambaye milima yote hiyo aliipanda akiwa kwenye gari na gazeti na chupa ya chai, alikuwa ameahidi kuupanda huu kwa miguu yake mwenyewe. Marafiki walialikwa jioni kwenye baa ya kijiji. Keki ilishaokwa. Redio iliposema theluji itaingia mchana, Senga aliizima.

"Keki haiahirishwi," alisema.

Theluji haikungoja mchana. Walipofika begani mwa mlima, ilikuwa inakuja kwa ubavu, na ukungu ukashuka hadi Eck akawa haoni glavu zake.

"Mama, huu si upepo, huu ni ugomvi!" Eck akamlalamikia mkewe.

"Kaza mwendo, mzee. Ulisema utapanda."

"Nilisema. Nilikuwa nimekunywa."

Goti bovu la Eck lilikuwa linamtesa, lakini alipanda, akilaani kila jiwe. Hatimaye mawe yakatokea mbele yao, lundo safi limevaa theluji. Senga akalipiga kofi, Eck akalikumbatia, wakapigana busu la barafu. Chupa ndogo ya wiski ikatoka mfukoni. Eck akaanza kuimba, na Eck hajui kuimba.

Ndipo upepo ukaupasua ukungu kwa muda mfupi. Senga akaona, ng'ambo ya ukingo mwembamba, mawe mengine, juu zaidi. Kilele chenyewe. Kisha pazia likafungwa.

Alimtazama mumewe. Nyusi zimeganda, goti linatetemeka, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Kumwacha peke yake hapo haiwezekani, na kumvusha ukingo ule katika upepo huo ni kumuua. Senga akaumia mpaka machozi yakamtoka, akaisingizia theluji.

"Tushuke, mzee. Tumefika."

Njia nzima hakusema neno, na Eck naye, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akanyamaza.

Kwenye baa walipokewa kwa makofi. Keki ilikuwa imeandikwa kwa sukari ya buluu: HONGERA SENGA, na chini yake, UMEMALIZA. Wakampa kisu. Akakishika, akakitazama, na shoga yake yule wa kununiwa akasimama mbele yake anapiga makofi kuliko wote.

"Sikufika," Senga akasema. "Tuligusa mawe yasiyo yenyewe. Kilele kilikuwa mbele, nilikiona."



"Hata mimi nilikiona," akasema Eck.

Senga akamgeukia. "Ulikiona? Na ukakaa kimya?"

"Ningesema, ungenipandisha!"

Watu wakaangua kicheko, shoga yake akacheka mpaka akakaa chini. Senga peke yake hakucheka. "Basi ndiyo hivyo," akasema taratibu. "Umeshatimiza ahadi yako, Eck. Siwezi kukudai tena."

Eck akamnyang'anya kisu. Akakata keki katikati, hasa pale kwenye nafasi kati ya mistari miwili. HONGERA SENGA akaisukuma kwa wageni. UMEMALIZA akaifunga kwa karatasi na kumkabidhi mwenye baa aiweke kwenye friza.

"Hadi Mei, theluji ikishayeyuka," akasema, akijisugua goti. "Na lile gazeti nitaliacha nyumbani."