Jina la Bi Zuwena nimelifuta mimi

Asalaam alaykum ndugu zangu. Hamjambo? Na wagonjwa wenu wanaendeleaje?

Leo nimemnyima mtoto sauti ya mamake.

Bi Zuwena, mwenzetu wa ofisini hapa Mji Mkongwe, Allah amrehemu, alipozidiwa alimrikodia bintiye Asya maneno ya kumuaga. Akayaweka kwenye ile kompyuta kuu ya ofisi, yenye mfumo wa Unix, inayotunza mafaili yetu sote.

Leo Asya kaja na flashi yake. Kwenye kompyuta yangu ya Windows faili tunaliona. Nikilibonyeza, naambiwa sina ruhusa.

Nikampigia fundi wetu wa kompyuta.

"Alilifunga alifungue mwenyewe tu," akasema. "Na jina lake halimo tena kwenye orodha ya watumiaji, kwa hiyo hakuna wa kulifungua. Nani kalifuta jina?"

Nikamuuliza kama yeye anaweza kulifungua.

Kufuta majina ni kazi yangu. Kila asubuhi tukiwasha kompyuta lilikuwa likitokea jina la marehemu, tunalia. Baada ya hitma nikaliondoa, nikidhani ndiyo heshima.

"Mimi fundi wa Windows, Bi Saada. Hiyo Unix siiwezi."

Asya akaniuliza taratibu, "Na ukiiambia hiyo mashine mimi ni mwanawe?"

Bado amekaa mezani kwangu, analitazama lile faili. Sijamwambia aliyelifuta jina la mamake ni nani.

Anayeijua Unix anijibu leo hii, tafadhali.