Twita ya Inchi Moja

Mwaka jana nilikuwa na kinyongo na baba. Binti yangu wa miaka mitano akimwamkia, yeye hutazama pembeni kana kwamba hakuna mtu. Mtoto akaanza kusema babu hampendi. Siku moja nilimjia juu baba mbele ya mke wangu, nikamwambia aache kiburi cha uzeeni. Alijibu tu, "Nimechoka, mwanangu."

Hata hivyo spika tuliunda pamoja, maana mtaa mzima wa Majengo sikujua fundi wa kumshinda. Alifanya kazi karakana ya reli, akigonga mabati ya mabehewa, hadi akastaafu, na jioni alitengeneza redio za majirani. Sanduku letu lilikuwa la spika tatu: ya besi, ya katikati, na twita ya sauti nyembamba. Vijana wa mtaani hawataki mjadala, besi iwe inchi kumi na tano, mengine yatajipanga. Baba alikataa. Kwa sebule yetu, alisema, kumi inatosha, kubwa zaidi itatikisa vikombe tu. Ya katikati akachagua inchi tano, kwa kuwa ndiyo inayobeba maneno, na ya inchi nane ingekuwa nzito mno kutoa sauti za juu hadi pale inapoanzia twita. Hayo yote niliafiki. Twita ndiyo iliyotugombanisha. Nilinunua kule Eastleigh ya inchi moja, laini, ya kitambaa. Yeye alitaka honi kubwa kama zile za mikutano ya hadhara. Nikamwona mbishi bure.

Jumamosi asubuhi tulizijaribu moja moja, kama alivyonifundisha: unachomoa nyaya za mbili, unaisikiliza iliyobaki. Besi ilipolia aliitikia kwa kichwa. Ya katikati ikamfanya atabasamu. Nikaunga twita peke yake. Ililia kwa ukali hadi binti yangu, aliyekuwa mlangoni, akaziba masikio.

Baba alikuwa ametega sikio, anangoja. "Washa basi," akasema.

Nikaongeza sauti.

"Mbona huwashi?"

Niliizima, nikakaa sakafuni. Nyundo za miaka yote ile zilimla masikio, na mimi nikaita kiburi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani. Nilimsogelea, nikamwambia kwa sauti nzito kwamba twita ilikuwa inalia muda wote.

Akasema anajua masikio yake yameharibika, amejua siku nyingi. Huona midomo ya mtoto ikicheza, lakini sauti haimfikii. Alichoka kumwuliza mara tatu tatu, akaona heri atazame kando.

"Kwani sauti yake ikoje?" akaniuliza. "Imefanana na ya marehemu mamako?"

Imefanana mno. Kila anayeingia nyumbani kwetu husema hivyo, na mara nyingine mtoto akiita kutoka jikoni mimi mwenyewe hushtuka.

Nikamwambia hapana.